Mshahara wa Januari: tathmini ya BAT, baraza linaloamua madai ya wachezaji wa kikapu walio ughaibuni

Kwa kawaida mambo huanza vizuri. Mchezaji wa Kimarekani anawasili mwezi Agosti katika mji ambao hajawahi kuusikia, anapimwa afya, anakabidhiwa funguo za nyumba na za gari kama mkataba unavyosema, na mshahara wa kwanza unaingia benki kwa wakati. Wa Oktoba unachelewa wiki moja. Wa Novemba unakuja nusu, pamoja na maelezo kwamba mdhamini bado hajatoa fedha. Wa Desemba unaahidiwa kulipwa baada ya sikukuu. Ikifika Januari hakuna mshahara wala maelezo, na siku moja baada ya timu kufungwa nyumbani, meneja anamwita ofisini na kumwambia kwamba klabu imeamua kuachana naye kwa sababu kiwango chake kimeshuka. Anapewa tiketi ya ndege ya kurudi Marekani, na jasho la miezi kadhaa linabaki katika nchi ambayo lugha yake haifahamu, mahakama zake hazifahamu, na huenda hatarudi tena.

Huduma ninayoitathmini hapa iliundwa kwa ajili ya mtu huyo. Jina lake ni Baraza la Usuluhishi la Mpira wa Kikapu, na watu wa mchezo huu huliita BAT. Lilianzishwa na Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu, FIBA, mwaka 2006, likaanza kazi mwaka uliofuata likiwa na jina la shirikisho lenyewe, na mwaka 2011 likapewa jina linalotumika sasa. Makao yake ya kisheria ni Geneva, Uswisi. Kazi yake ni moja: kuamua ugomvi wa mikataba kati ya wachezaji, makocha, mawakala na klabu, pale ambapo pande zote mbili zilikubaliana tangu mwanzo kwamba ugomvi wao utapelekwa hapo.

Mimi si mwanasheria. Nimeifahamu huduma hii kwa njia mbili. Kwanza, maamuzi mengi ya baraza huchapishwa kwenye tovuti ya FIBA, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiyasoma kwa makini kama wengine wanavyosoma takwimu za mechi, kwa sababu humo ndimo maisha ya mchezaji wa kulipwa yanapoonekana bila mapambo: nani aliahidiwa nini, nani alilipwa nini, na barua gani iliandikwa siku gani. Pili, niliwahi kumsaidia rafiki yangu, mchezaji wa Kimarekani ambaye sitamtaja yeye wala klabu yake, kupanga nyaraka za madai yake kabla hajazikabidhi kwa wakili. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa yametoka kwenye kanuni, kwenye maamuzi yaliyochapishwa, na kwenye meza moja iliyojaa karatasi.

Ili mtu aelewe kwa nini huduma hii ina uzito, ni lazima kwanza aelewe ni nani hasa anayeishi kwa mikataba hii. Nchini Marekani kuna vyuo zaidi ya 350 vinavyocheza kikapu katika daraja la kwanza la michezo ya vyuo vikuu, na kila mwaka wachezaji wanaoteuliwa katika drafti ya NBA, yaani uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu ya kikapu ya Marekani, hawazidi 60, kwa ligi yenye timu 30 na nafasi chache katika kila timu. Waliobaki, ambao wengi wao ni wachezaji hodari kwelikweli, hupanda ndege. Njia hiyo ni ya zamani. Bill Bradley, aliyekuja kuwa seneta wa Marekani, aliichezea klabu ya Milano huku akisoma Oxford, na mwaka 1966 akatwaa nayo Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Bob McAdoo, aliyekuwa mchezaji bora wa NBA mwaka 1975, alikwenda klabu hiyohiyo mwishoni mwa maisha yake ya uchezaji na kushinda kombe hilo mara mbili mfululizo, mwaka 1987 na 1988.

Hata hivyo, mfano unaotajwa zaidi na wachezaji wa kizazi hiki ni Kyle Hines. Alimaliza chuo cha UNC Greensboro mwaka 2008, na kwa kuwa alikuwa na urefu wa takriban mita 1.98 tu huku akicheza nafasi ya senta, ambayo kwa kawaida ni ya warefu kuliko wote, NBA haikumfungulia mlango. Alianzia Veroli, katika daraja la pili la Italia. Kutoka huko alikwenda Bamberg nchini Ujerumani, kisha Olympiacos ya Ugiriki, ambako alitwaa ubingwa wa EuroLeague, mashindano makuu ya klabu za Ulaya, mwaka 2012 na 2013, kisha CSKA ya Moscow, alikoutwaa tena mwaka 2016 na 2019, na hatimaye Milano, alikostaafu mwaka 2024. Fainali ya kwanza kati ya hizo, iliyochezwa Istanbul, timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi 19 na ikaishinda CSKA kwa 62 dhidi ya 61. Ni maisha ya uchezaji yanayostahili heshima kubwa, na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya msimu wa kawaida wa NBA.

Ninamtaja Hines kwa sababu vijana wengi humtazama yeye wanaposaini mkataba wao wa kwanza. Wanaona makombe manne, na hawaioni Veroli. Klabu zinazocheza EuroLeague zina uongozi imara na zinatazamwa na kila mtu, na tangu mwaka 2018 wachezaji wake wana chama chao, ELPA. Lakini ngazi ina vidato vingi chini ya hapo, na katika vidato hivyo vya chini bajeti ya klabu huweza kutegemea mfanyabiashara mmoja, halmashauri ya mji, au kufuzu kwa hatua fulani ya mashindano. Huko ndiko Mmarekani wa kawaida anakofanyia kazi, kwa mkataba wa msimu mmoja au wa miezi michache, na huko ndiko BAT inakohitajika.

Kabla ya kuwapo kwa baraza hili, mchezaji asiyelipwa mara nyingi alikuwa na mlango mmoja tu: mahakama za nchi ya klabu. Alihitaji wakili wa huko, mkalimani, muda wa miaka, na moyo wa kuvumilia kushtaki klabu inayopendwa mjini mwake. Wengi waliacha. Klabu zilijua kwamba wangeacha, na hilo liliingia katika hesabu zao. Hapo ndipo ninapoona thamani ya kwanza ya BAT: imeuhamisha ugomvi kutoka mji wa klabu na kuupeleka mahali ambapo hakuna upande ulio nyumbani.

Jambo ninalolipenda kuliko yote katika huduma hii ni namna inavyoamua. Msuluhishi wa BAT, isipokuwa pande zimekubaliana vingine, huamua kwa kanuni inayojulikana kwa Kilatini kama ex aequo et bono, yaani kwa kuzingatia haki na usawa, bila kufungwa na sheria ya taifa lolote. Ukisikia hivyo mara ya kwanza unaweza kuogopa kwamba kila msuluhishi ataamua anavyojisikia. Ukiyasoma maamuzi yenyewe, hofu hiyo hupungua, kwa sababu kwa miaka hii yote wasuluhishi wamejenga mazoea yanayoeleweka: makubaliano lazima yaheshimiwe, aliyedai kwamba mkataba ulivunjwa kwa sababu halali ndiye anayepaswa kuithibitisha sababu hiyo, fedha zilizochelewa huongezewa riba, mara nyingi asilimia 5 kwa mwaka hata kama mkataba haukutaja riba. Kuhusu ile hoja ya kiwango kushuka, maamuzi mengi yanasema wazi kwamba kama mkataba ulikuwa wa malipo yenye dhamana, kucheza vibaya hakumwondolei mchezaji haki ya mshahara wake. Mchezaji wa Kimarekani anayecheza Ugiriki, aliyeletwa na wakala wa Italia, haulizwi tena sheria ya nchi gani itumike. Anaulizwa mliandikiana nini na kila mmoja alifanya nini.

Usawa huo, lakini, hukata pande zote mbili, na hili wachezaji wengi hawalijui mpaka siku ya uamuzi. Mchezaji aliyeachwa Januari na kupata klabu nyingine Februari hapewi mishahara miwili. Alichopata kwa klabu mpya hupunguzwa kwenye fidia anayodai kwa miezi iliyobaki, na anatarajiwa kuwa alitafuta kazi kwa juhudi za kweli. Aliyekaa nyumbani bila kutafuta anaweza kukuta msuluhishi amepunguza kiasi fulani kwa sababu hiyo. Mimi naona ni sawa. Fidia ni kumrudisha mtu mahali ambapo angekuwa kama ahadi ingetimizwa, na haipaswi kumpeleka zaidi ya hapo. Mishahara ya miezi aliyokwisha kuifanyia kazi ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni deni, na haipunguzwi na kazi mpya.

Utaratibu wenyewe ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Mdai anatuma hati ya madai pamoja na mkataba na ushahidi, analipa ada ya kufungulia shauri, kisha rais wa baraza anateua msuluhishi mmoja kwa zamu kutoka kwenye orodha yake. Pande hazichagui msuluhishi, na kwangu hilo ni sifa, kwa sababu linaondoa ule mchezo wa kila upande kutafuta mtu wake. Klabu inapewa muda wa kujibu, msuluhishi anaweza kuuliza maswali ya nyongeza kwa maandishi, na mara nyingi uamuzi hutolewa kwa nyaraka peke yake bila mtu yeyote kusafiri. Kanuni zinamtaka msuluhishi ajitahidi kutoa uamuzi ndani ya wiki sita tangu shauri kukamilika au gharama kulipwa, lolote litakalotokea baadaye kati ya hayo mawili. Ukijumlisha na hatua za mwanzo, shauri la kawaida huhesabika kwa miezi. Ukilinganisha na miaka ya mahakama za kawaida, hapa baraza linastahili pongezi bila kusita.

Kwa kuwa kila kitu kinakwenda kwa karatasi, karatasi ndiyo kila kitu. Rafiki yangu niliyemtaja alikuwa na mkataba uliosainiwa, lakini makubaliano ya nyongeza kuhusu bonasi yalikuwa yamefanyika kwa mdomo, na ahadi za malipo zilikuwa zimetawanyika katika ujumbe wa simu za watu watatu tofauti. Tulitumia siku nne kupanga: barua pepe kwa tarehe, taarifa za benki zikionyesha kila kiasi kilichoingia na kisichoingia, picha za ujumbe wa meneja anayeomba avumilie hadi Ijumaa, na barua moja muhimu kuliko zote, ile aliyoiandikia klabu akiitaka ilipe ndani ya siku kadhaa la sivyo ataacha kucheza. Bila barua hiyo klabu ingeweza kusema kwamba yeye ndiye aliyeondoka. Bonasi ya mdomo hakuipata. Mishahara aliipata, na riba yake.

Sasa nije kwenye gharama, ambako furaha yangu inapungua. Ada ya kufungulia shauri hairudishwi na baraza, na hupanda kadiri madai yanavyokuwa makubwa. Kwa mujibu wa kanuni zilizotumika kwa miaka mingi, ilianzia euro 1,500 kwa madai madogo. Juu ya hiyo kuna amana ya gharama za usuluhishi, ambayo pande mbili hugawana. Hapa ndipo penye jiwe. Klabu isiyolipa mishahara, kwa kawaida, hailipi amana pia. Ikinyamaza, mdai huambiwa alipe sehemu ya klabu pamoja na yake, la sivyo shauri halitaendelea na litahesabiwa kuwa ameliondoa. Kweli, akishinda, uamuzi huiamuru klabu imrudishie gharama hizo pamoja na sehemu ya malipo ya wakili kwa kiwango chenye ukomo. Lakini fikiria hali yake. Huyu ni mtu ambaye hajalipwa kwa miezi, na mlango wa kudai mshahara wake unafunguliwa kwa fedha ambazo angekuwa nazo kama angelipwa mshahara huo.

Kwa mchezaji anayedai laki kadhaa za euro, mzigo huo unabebeka, na wakili atakubali kusubiri. Kwa kijana wa msimu wa kwanza anayedai euro elfu sita au saba katika ligi ya daraja la pili, hesabu ni ngumu, na najua wapo waliopiga hesabu hiyo wakaamua kusamehe. Baraza limejaribu kupunguza makali kwa namna moja: katika madai yasiyo makubwa, uamuzi hutolewa bila maelezo ya sababu, isipokuwa upande mmoja uombe maelezo hayo na kuyalipia. Gharama hupungua, ingawa mshindwa hubaki hajui alishindwa kwa hoja gani. Nakubali mpango huo kwa shingo upande, kwa kuwa napenda sababu ziandikwe, na kwa kuwa sababu zilizoandikwa ndizo zilizomfundisha kila mtu namna ya kuandika mkataba bora.

Uamuzi ukishatoka, swali linabaki moja: utalipwa? Kwenye karatasi, uamuzi wa BAT ni uamuzi wa usuluhishi wa kimataifa, na unaweza kutekelezwa kupitia mahakama za nchi zaidi ya 160 zilizojiunga na Mkataba wa New York wa mwaka 1958. Klabu inaweza kupinga mbele ya Mahakama Kuu ya Shirikisho la Uswisi, lakini kwa sababu chache sana za kiutaratibu. Hayo ni mazuri, ila yangemrudisha mchezaji kulekule kwenye mahakama za ugenini alikokuwa anakukimbia. Nguvu halisi ya huduma hii iko kwingine. FIBA ina uwezo wa kuiadhibu klabu isiyotii uamuzi: faini ambayo kanuni ziliiwekea kikomo cha faranga 150,000 za Uswisi, na, lililo zito zaidi, katazo la kusajili wachezaji wapya kutoka nje.

Wasiofuatilia mchezo huu wanaweza wasione ukali wa katazo hilo. Klabu ya aina ninayoizungumzia hubadilisha Wamarekani wake karibu wote kila kiangazi. Watano wanaondoka, watano wanakuja, na kila anayekuja anahitaji hati ya uhamisho wa kimataifa inayopitia kwa mashirikisho. Klabu iliyofungiwa mlango huo mwezi Julai haina timu mwezi Septemba. Ndiyo maana klabu zilizokaa kimya mwaka mzima bila kujibu barua hata moja hulipa ghafla wiki chache kabla ya msimu kuanza. Rafiki yangu alilipwa hivyo hivyo, kwa mafungu mawili, la kwanza katikati ya Agosti. Hakuna hakimu aliyekwenda kukamata basi la timu. Klabu ilitaka tu kusajili senta mpya.

Mahali ambapo nguvu hiyo inakwama ni pale klabu inapokufa. Klabu iliyofilisika haiogopi kuzuiwa kusajili, na mchezaji anabaki na uamuzi mzuri dhidi ya jina ambalo halipo tena. Wakati mwingine mwaka unaofuata katika ukumbi uleule inatokea timu yenye rangi zilezile na jina lililobadilishwa kidogo, ikisema haina uhusiano na ile ya zamani, na mdai analazimika kuanza kazi nyingine ya kuthibitisha kwamba ni klabu ileile. Siilaumu BAT kwa kufilisika kwa watu wengine. Hata hivyo, anayesaini mkataba anapaswa kujua kwamba baraza hili linailazimisha klabu isiyotaka kulipa, na haliwezi kuzalisha fedha katika klabu isiyokuwa nazo.

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuja mwaka 2020, ligi zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Mikataba ilikuwa haijaandikwa kwa ajili ya kitu kama hicho. Klabu zilisema mechi hazipo, kwa hiyo mishahara haipo. Wachezaji walisema wao hawakuvunja chochote. BAT haikusubiri mashauri yarundikane. Mwaka huohuo ilitoa mwongozo kwa pande zote kueleza namna wasuluhishi wangeyatazama madai hayo, kwa msingi kwamba hasara iliyosababishwa na jambo lisilo la mtu yeyote igawanywe na isimwangukie mmoja. Wapo wachezaji walioona mwongozo huo umezipendelea klabu. Mimi naona kwamba ulisaidia watu wengi kupatana bila kufungua shauri, kwa kuwa kila upande ulijua mapema ungefika wapi kama ungeng'ang'ania. Baraza linalosema msimamo wake kabla ya ugomvi linafanya kazi ya zaidi ya kuamua.

Niseme pia neno kuhusu wanawake, kwa sababu mara nyingi husahaulika katika mazungumzo haya. Kwa miaka mingi wachezaji bora wa Kimarekani wa WNBA, ligi kuu ya wanawake ya Marekani, walilipwa zaidi ughaibuni wakati wa baridi kuliko nyumbani wakati wa kiangazi, kiasi kwamba Diana Taurasi hakucheza msimu wa WNBA wa mwaka 2015 kwa makubaliano na klabu yake ya Ekaterinburg nchini Urusi, iliyotaka apumzike. Kwa mwanamke wa namna hiyo, mkataba wa ughaibuni ndio uliokuwa kazi kuu, na kifungu cha BAT kilimlinda kwa kiwango kilekile kama mwanamume. Katika maamuzi yaliyochapishwa yamo pia ya wachezaji wa kike, na misingi inayotumika ni ileile.

Lugha ya baraza ni Kiingereza. Hilo linamfaa Mmarekani moja kwa moja, na linaleta gharama ya tafsiri kwa klabu nyingi na kwa wachezaji wa mataifa mengine. Tovuti inayohifadhi maamuzi inasomeka vizuri, ingawa anayetafuta jambo mahususi, mfano maamuzi yote kuhusu mchezaji aliyeumia mazoezini, atalazimika kufungua faili moja baada ya jingine.

Kwa jumla ya yote niliyoyaona, naipendekeza huduma hii kwa moyo wote kwa mchezaji yeyote anayekwenda kucheza nje, kwa sharti moja ambalo lazima litimizwe kabla ya kupanda ndege. BAT haina mamlaka juu ya mkataba usioitaja. Lazima kuwe na kifungu kinachosema kwamba ugomvi wowote unaotokana na mkataba utapelekwa BAT, Geneva, na kuamuliwa na msuluhishi mmoja kwa kanuni zake. FIBA imechapisha maneno kamili ya kifungu hicho, na ni bora yanakiliwe kama yalivyo. Nimeona mikataba ambayo klabu ilipenyeza mahali pengine sentensi inayotaja mahakama za mji wake, ili baadaye idai kwamba hakuna makubaliano ya wazi. Nimeona pia mikataba miwili ya mchezaji mmoja, wa kwanza ukiwa wa kupelekwa kwa shirikisho la taifa na wa pili ukiwa wa kweli, na kila mmoja ukitaja chombo tofauti cha kuamua ugomvi. Mchezaji atakayekabidhiwa karatasi ya pili na kuambiwa ni ya kawaida tu, ya ofisini, aisome neno kwa neno au amtumie wakala wake kabla ya kuweka sahihi.

Wakala naye achunguzwe. FIBA hutoa leseni kwa mawakala baada ya mtihani, na majina yao yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyatazama. Mkataba mzuri utataja pia siku ambazo malipo yakichelewa mchezaji ana haki ya kutofanya mazoezi na kutocheza bila kuadhibiwa, na siku ambazo ana haki ya kuondoka huku akidai kilichobaki. Mahali ambapo siku hizo zimeandikwa kwa tarakimu, kazi ya msuluhishi ni nyepesi na uamuzi hutabirika. Mahali ambapo hazikuandikwa, mchezaji anayeondoka mapema mno anajiweka hatarini, hata kama ni kweli hajalipwa.

Ombi langu kwa wanaoiendesha ni kuhusu ile amana. Klabu inayoshtakiwa na kukataa kulipa sehemu yake ya gharama isiachwe ikae kimya hadi uamuzi utoke, huku mdai akikopa ili kuilipia. Kama katazo la usajili linaweza kutolewa kwa kutotii uamuzi, basi kitu cha namna hiyo, hata cha muda, kiwekwe kwa kukataa kulipa amana baada ya onyo la maandishi. Klabu yenye hoja ya kweli ya kujitetea itakuwa tayari kulipa nusu yake ili isikilizwe.